Lengalenga za Tolliver

Hakuna mtu mwenye akili zake anayepanda majani. Marguerite alilijua hilo tangu utoto wake huko Fizi, mashariki ya Kongo, na mama yake alilijua, na nyanya yake pia. Majani hung'olewa. Kwa hiyo Jumamosi ile ya kwanza ya Mei, mwaka 2004, aliposimama na jembe mbele ya kibanda cha magogo katika mji wa Tolliver, Texas, hakuwa na wasiwasi hata chembe. Majani yote membamba yaliyokuwa yameizonga bustani alikuwa ameyang'oa na mizizi yake, akayarundika kwenye uzio yakauke. Na lengalenga, zile ambazo Watanzania wanaziita mchicha, zilizokuwa zimejiotea zenyewe katikati ya majani hayo, alikuwa amezipunguza, akazihamishia kwenye mistari na kuzipandishia udongo. Mistari kumi na minne, yote imenyooka. Aliifanya kazi hiyo kwa Jumamosi tatu, na kiuno kilikuwa kinamuuma.

Gari jeupe likaingia. Akashuka Bibi Lorene Pruitt, mwenyekiti wa kamati ya historia ya mji, mama wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye nywele zisizotikiswa na upepo. Marguerite alimpungia mkono. Bibi Lorene hakupunga. Alisimama kwenye geti, akaweka kiganja mdomoni, akaanza kulia. Analia kweli, machozi yanateremka, mbele ya bustani safi kuliko zote katika wilaya ile.

Ilibidi apigiwe simu Elibariki. Huyu alikuwa Mtanzania wa Mansfield, mzee wa kanisa, mtaalamu wa mashine za kupumulia hospitalini, mwenye nyumba ya matofali na magari mawili. Kwa wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakiletwa Arlington miaka ile, Elibariki ndiye alikuwa mlango. Ukitaka fomu ijazwe, Elibariki. Ukitaka barua ya kukusifu kazini, Elibariki. Na ukiwa huna gari, na katika mji huu usipokuwa na gari ni kama huna miguu, basi utamngoja Elibariki mpaka apate nafasi. Yeye ndiye aliyempeleka Marguerite kwa kamati mwezi wa Machi. Alikuwa amesikia kwamba wanatafuta mtu wa kujitolea kuitunza bustani ya kibanda cha waanzilishi mpaka siku ya sherehe ya miaka mia na hamsini ya mji. Mshahara haukuwepo. Ila nyuma ya kibanda palikuwa na nusu eka iliyolala bure, na Bibi Lorene alisema mbele ya mashahidi wawili kwamba atakayeitunza bustani vizuri, nusu eka ile atailima apendavyo.

Nusu eka! Marguerite alikuwa hajalala vizuri tangu siku hiyo. Kwenye fleti yao ya ghorofa ya pili Arlington alikuwa amepanda lengalenga kwenye ndoo barazani, meneja akamwandikia barua mbili, ya tatu akaja mwenyewe akazitupa ndoo. Na sasa anaambiwa nusu eka, udongo mweusi ambao ukiukamata mkononi unashikana. Siku ile ile Bibi Lorene alikuwa amewasimulia historia ya mji, na Elibariki akaifasiri. Kwamba mwaka 1854 watu kumi na wanane wa ukoo wa Tolliver walitoka Illinois, nchi ya mahindi huko kaskazini, kwa mikokoteni ya ng'ombe, wakaja hapa ambapo serikali ya Texas ilikuwa na sheria moja tu kwa mlowezi maskini: kaa hapa miaka mitatu, jenga, lima, na eka mia na sitini ni zako. Marguerite aliielewa sheria hiyo mara moja. Hata kwao ndivyo. Mwenye kufyeka wa kwanza ndiye mwenye shamba. Alikwenda nyumbani akamwambia mumewe, Wilondja, kwamba wazungu wa Tolliver ni watu wenye desturi, wanajua maana ya jembe. Wenyeji waliokuwa wakiishi hapo kabla ya mikokoteni kufika hawakutajwa, na Marguerite, ambaye yeye mwenyewe alifukuzwa kwao, hakufikiria kuuliza.

Elibariki alifika, akashuka na miwani yake ya jua, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Marguerite.

"Dada, umetuaibisha," akasema. "Hayo uliyong'oa ndiyo yalikuwa bustani. Ni majani ya asili ya mbuga, yale waliyoyakuta waanzilishi. Mbegu kamati ilizinunua ghali, watoto wa shule wakazimwaga kwa mikono yao. Halafu wewe umewaachia magugu."

Marguerite aliangalia ule mrundo kwenye uzio. Alishtuka, tusiseme uongo. Mtu aliyelima tangu miaka sita anajua maana ya kung'oa kazi ya mwenzake. Lakini mshtuko ule haukukaa peke yake, nyuma yake ilikuja hasira. Alikumbuka siku ya Machi. Bibi Lorene alimpa Elibariki karatasi yenye michoro ya rangi, upande mmoja mimea ya kuachwa, upande mwingine ya kung'olewa. Marguerite aliiomba aione. Elibariki aliikunja akaitia mfukoni, akasema imeandikwa Kiingereza, asi-worry, kazi yenyewe ni rahisi: toa majani, acha mimea.

"Karatasi iko wapi?" akauliza sasa. "Ile walikupa. Niliiomba, ukasema majani nitoe. Nimetoa."

Elibariki alimtazama Bibi Lorene akatoa Kiingereza kirefu, laini, cha mtu anayebembeleza. Kiingereza cha Marguerite kilikuwa cha dobi, maana alifua mashuka katika nyumba ya kulelea wazee. Hakikuwa kingi, lakini maneno mengine alikuwa ameyasikia sana tangu afike nchi hii hata akayajua kama jina lake. Alisikia kambi ya wakimbizi. Alisikia kwamba hajasoma. Na mwisho akasikia kwamba anaomba radhi sana. Yeye hakuwa ameomba radhi. Na alisoma mpaka darasa la sita, Kifaransa na Kiswahili, na picha husomwa na mtu yeyote mwenye macho.

Bibi Lorene alijifuta machozi, akamshika Marguerite bega kwa huruma, kama anavyoshikwa mtoto aliyekojoa. Akasema kamati itakaa kuzungumzia ile nusu eka.

*

Wilondja hakugomba. Afadhali angegomba. Aliketi mezani amevaa bado shati la ghalani, akamsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Fanny, kesho twende tukamwombe msamaha." Alikuwa amezoea kumwita kwa jina la binti yao mkubwa.

Marguerite aliuliza msamaha wa nini. Wilondja akaeleza taratibu. Mgongo wake ulikuwa umeanza kufa kwa kupandisha masanduku, na hospitalini kwa Elibariki kulikuwa na nafasi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa. Fomu ilikuwa imeshajazwa. Kilichobaki ni Elibariki kuandika mistari miwili na kutia sahihi. Mtu kama huyo humgombezi. Unammeza.

"Aliniita mjinga mbele ya muzungu," Marguerite akasema.

"Na alitupokea uwanja wa ndege na makoti. Ulikuwa unatetemeka, umesahau?"

Hakusahau. Hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi, maana makoti yale yalikuwa ya kweli na yalikuwa mazuri. Wema wa namna hiyo unakufunga mdomo kuliko kofi. Jumapili baada ya ibada wakapanda gari la jirani mpaka Mansfield. Mke wa Elibariki aliwakaribisha gereji, akisema ndani wana wageni, akawaletea soda mbili na kiti kimoja. Wilondja alimwachia mkewe kiti. Walingoja kati ya mashine ya kukatia nyasi na maboksi ya Krismasi, wakisikia kicheko cha wageni ukutani, karibu saa nzima. Elibariki alipotoka alikuwa bado anatafuna.

Aliongea sana. Alisema yeye anajenga jina la Waafrika kwa miaka kumi na miwili, na watu wanakuja na kulibomoa kwa siku moja. Alisema tatizo la watu wa kambini ni kwamba wakipewa kidole wanataka mkono. Alisema karatasi ile alikuwa ameifasiri yote, kinaganaga, na kama Dada Marguerite hakusikiliza, yeye afanyeje? Wilondja aliitikia ndiyo papa, kweli papa. Marguerite aliangalia vidole vya miguu yake. Aliona kwamba wote wawili gereji ile wanangoja neno moja kutoka kwake, na kwamba mgongo wa mumewe umelala juu ya neno hilo.

"Nisamehe, Papa Elibariki," akasema.

Elibariki akasema yamekwisha, sisi ni ndugu. Akamwagiza aendelee kwenda Tolliver kila Jumamosi kumwagilia kilichobaki, ili kamati ione ana moyo, huenda ile nusu eka isipotee. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, akasema, akacheka. Marguerite alikuwa na jembe tangu siku ya kwanza.

*

Akaenda. Jumamosi nne mfululizo akamwagilia, akapalilia, akachuma vichwa ili matawi yaongezeke. Mvua za Mei zikamsaidia. Lengalenga zikafika magotini, zikafika kiunoni, majani mapana, shina jekundu, mboga ambayo ukiipeleka sokoni Baraka, mji wa kwao, watu wanapigana. Kila alipomaliza alizunguka nyuma ya kibanda, akasimama kwenye ile nusu eka. Alishaigawa kichwani. Huku maharage, huku mahindi, huku mihogo ajaribu kama itastahimili baridi. Hakuwa mtu wa ndoto nyingi. Alitaka kula kitu alichokipanda yeye, basi, na watoto wake wajue jasho linanukaje likichanganyika na udongo.

Jumamosi ya nne alimkuta mzee mmoja ameketi kwenye benchi la kibanda, fimbo kati ya magoti. Alikuwa Mzee Tolliver mwenyewe, wa mwisho wa jina hilo mjini, miaka themanini na sita. Babu yake alikuja mkokotenini akiwa mtoto mchanga. Mzee alinyanyuka, akaingia kwenye mstari, akavunja jani akalitafuna bichi. Akafumba macho. Akasema jambo, akalirudia polepole ili mama huyu aelewe, akionyesha kwa mikono. Mama yake alikuwa akipika hii. Na bibi yake. Mwaka ule wa kwanza mahindi yote yaliungua na jua, watu kumi na wanane hawakuwa na kitu, na hii ndiyo iliyowashikilia roho mpaka baridi ilipoingia. Ilikuwa imejiotea kando ya shamba. Walikula asubuhi, walikula jioni. Baadaye walipopata ng'ombe na pesa wakaiita gugu, hakuna aliyetaka kukumbushwa.

Marguerite alielewa nusu, na nusu ile ilitosha. Akachuma fungu zuri akamfungia. Mzee akalipokea kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza mjini hapo Marguerite alijisikia mtu miongoni mwa watu, na akaenda nyumbani akiamini nusu eka imepatikana.

Siku tatu baadaye Elibariki akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Alisema Mzee Tolliver amezungumza na kamati, na kamati imefurahi kupita kiasi. Kumbe magugu yale ndiyo historia yenyewe! Majani ya mbuga yameshasahauliwa. Sasa watatia kibao, Mboga ya Waanzilishi, na siku ya sherehe zitapikwa kwa mafuta ya nguruwe kwenye chungu cha chuma, wageni waonje.

"Na nusu eka?" Marguerite akauliza.

Hapo Elibariki akakohoa. Alisema ile nusu eka kamati imeamua iwe shamba la mfano la waanzilishi. Watapanda lengalenga hizo hizo, mbegu watachukua kwenye mistari yake. Litasimamiwa na wanakamati wenyewe, unajua mambo ya bima na nini. Lakini wanamshukuru sana. Hata yeye Elibariki watampa cheti siku hiyo, kwa ushauri wake wa kilimo. Tena Bibi Lorene ana ombi dogo. Saa tano kamili, wageni wakiwa wamekusanyika, Marguerite aingie mistarini achume za kupika, watu waone. Watamletea gauni refu na ile kofia ya kitambaa waliyovaa wanawake wa zamani. Elibariki atawabeba yeye na Wilondja kwenye gari lake, na Wilondja atasaidia kupanga viti.

Marguerite aliiweka simu chini pole pole. Alikaa. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, walisema wazee, lakini wazee hawakusema kwamba walaji watakuja kumvisha mkulima kofia.

"Utaenda?" Wilondja akauliza. Barua ya kazi ilikuwa bado haijatiwa sahihi.

"Nitaenda," akasema.

*

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, na Tolliver nzima ilikuwa pale. Bendera, bendi ya shule, watoto wamevaa ndevu za pamba. Meya alisema waanzilishi walikuwa watu wa jasho, hawakungoja msaada wa mtu, walikuja mikono mitupu wakailima nchi kwa jembe. Watu wakapiga makofi. Elibariki, kwa suti, akapokea cheti chake akapigwa picha. Wilondja alikuwa akipita nyuma ya mistari na viti, viwili viwili, akishika mgongo alipodhani haonwi.

Marguerite alilikataa gauni. Bibi Lorene alilishika mbele yake kwa tabasamu mara mbili, kisha akaona macho yake, akalikunja. Marguerite aliingia bustanini na kitenge chake cha kijani, na magunia mawili matupu ya mchele aliyotoka nayo nyumbani. Kipaza sauti kikatangaza kwamba sasa tutaona mboga ya waanzilishi ikivunwa kwa mkono, jinsi ilivyovunwa miaka mia na hamsini iliyopita.

Aliinama kwenye mstari wa kwanza. Hakuvunja kichwa. Alishika shina chini kabisa, akavuta, likatoka na mizizi na bonge la udongo. Akalikung'uta, akalitia guniani. La pili. La tatu. Anayeng'oa lengalenga na mizizi hatarajii kurudi shambani, kila mwanamke wa Fizi anajua hilo. Lakini hawa watajuaje? Wakapiga makofi. Mtu mmoja akasogea na kamera. Alimaliza mstari wa kwanza makofi yakiendelea, akamaliza wa tano yakipungua, na alipofika wa tisa hakuna aliyekuwa akipiga tena. Bustani nyuma yake ilikuwa mashimo matupu.

Bibi Lorene alikuja kwa mwendo wa haraka, tabasamu bado lipo usoni kwa ajili ya watu, kipaza sauti mkononi. Akamwita Elibariki. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba bila shaka huyu dada yetu ana jambo zuri la kutufundisha, tafadhali tufasirie. Akampa Elibariki kipaza sauti.

Marguerite alinyoosha mgongo. "Mwambie hivi. Shamba ni lao, nimekubali. Lakini mboga hizi nimelima miye, naondoka nazo. Na mbegu zake."

Elibariki alilamba midomo. Akasema kwa Kiingereza kwamba dada amefurahi sana kushiriki nao urithi huu. Watu wakacheka kwa nafuu, makofi yakaanza upya.

"Hapana," Marguerite akasema, kwa Kiingereza chake cha dobi, na kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka upande wa pili wa bonde. "Sijafurahi."

Makofi yakakatika. Akamgeukia Elibariki akarudi kwenye Kiswahili, bila kupandisha sauti.

"Papa Elibariki, ulitupa makoti, Mungu akubariki kwa hayo. Sasa leo utasema vile nimesema. Sema: karatasi mlinipa mimi. Huyu mama aliiomba, sikumwonyesha. Nikawaambia hajasoma, na sikumuuliza kama amesoma. Nikawaambia ameomba radhi, na hakuomba. Sema yote, Kiingereza hicho nakijua."

Jasho lilimtoka Elibariki kwenye kola. Alimtazama Wilondja, yule mwenye fomu, kama kumwambia mfunge mkeo mdomo. Wilondja alikuwa amesimama na viti viwili. Kwenye benchi la mbele Mzee Tolliver akagonga fimbo chini, akauliza huyo mama anasemaje, sema kwa nguvu, mimi sisikii vizuri. Hakuna aliyemsaidia Elibariki. Watu mia tatu walikuwa wakimngoja.

Basi akasema. Kwa sauti ndogo, akiangalia cheti chake, akasema yote, moja baada ya jingine, na kipaza sauti hakikumhurumia. Alipofika mwisho Bibi Lorene alikuwa mwekundu hadi shingoni. Alifungua mdomo, akaangalia ile nusu eka nyuma ya kibanda, akaufunga. Kama alikuwa na neno la kusema kuhusu ahadi yake, hiyo ilikuwa nafasi. Hakulisema. Meya akaiashiria bendi ipige.

Marguerite alimaliza mistari mitano iliyobaki. Hakuna aliyemzuia. Akakaza midomo ya magunia kwa kamba, akajaribu kuyainua yote mawili, yakamshinda.

Wilondja akaviweka chini vile viti. Akapita katikati ya watu, akampita Elibariki aliyekuwa akimwita jina kwa ukali, akaingia bustanini na viatu vyake vya kanisani. Akalichukua gunia zito zaidi, akalitupa begani, akauma meno kwa ajili ya mgongo.

"Na kazi je?" Marguerite akamuuliza.

"Chukua hilo jingine," akasema.

Walikuwa wameletwa na gari la Elibariki. Kutoka Tolliver mpaka Arlington ni maili ishirini na mbili, na barabara ile haina njia ya waenda kwa miguu. Wakashika ukingo wa lami, yeye mbele, mkewe nyuma, wakaanza kutembea.